Tupunguze Safari za Lori Katika Michezo ya Watoto



Jumamosi moja jioni nilikuwa natoka Choma kurudi Igunga mjini baada ya kukagua kazi ya kisima. Ilikuwa karibu saa moja na jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mbele yangu kulikuwa na lori la mizigo lililojaa watoto waliotoka kwenye mechi. Wengi walikuwa wamesimama, wengine wamekaa juu ya kingo za bodi, wakiimba na kupunga jezi. Taa moja ya nyuma ilikuwa haiwaki. Nilikaa nyuma ya lori hilo kwa muda mrefu. Niliogopa kulipita kwa sababu ya vumbi, na niliogopa zaidi kwamba mtoto akianguka, atakayemgonga ni mimi.

Hakuna aliyeanguka. Watoto walifika kwao na mimi nilifika kwangu. Lakini tangu siku hiyo, kila ninapoletewa bajeti ya michezo yenye kifungu cha "mafuta ya gari", huwa nauliza kama safari hiyo ni ya lazima. Mara nyingi nimegundua kwamba si ya lazima. Imetokana na jinsi ratiba ilivyopangwa.

Michezo yenyewe haina kosa

Napenda nieleweke mapema kwamba makala hii haisemi watoto wapunguziwe michezo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa nchini kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Nilikuwa kijana wakati huo, na ninakumbuka magoli ya miti ya kijijini kwetu yakiishia kuwa kuni. Sipendi kuona hali ile ikirudi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili walau dakika 60 kila siku. Mtoto wa Choma anayechota maji asubuhi na kuchunga ng'ombe mchana anazipata dakika hizo bila kushauriwa na mtu. Lakini kuchunga hakumfundishi kushindwa bila kupigana, wala kutii filimbi ya refa asiye ndugu yake, wala kukutana na watoto wa kijiji kingine ambao nyumbani amesikia tu wakisemwa vibaya. Hayo anayapata uwanjani.

Safari zinatoka wapi

Kwa shule za msingi tunayo mashindano ya UMITASHUMTA, na kwa sekondari UMISSETA. Timu huanzia shuleni, zikapanda ngazi ya kata, kisha halmashauri, mkoa na mwisho taifa. Mkoa wetu wa Tabora ulipata heshima ya kupokea mashindano ya taifa mwaka 2022 na tena mwaka 2023. Safari za ngazi za juu hatuwezi kuzikwepa. Mtoto wa Choma aliyechaguliwa timu ya mkoa lazima apande gari. Safari hizo ni chache, hupangwa mapema na zina wasimamizi.

Safari nyingi ziko huku chini, na hazina takwimu wala msimamizi. Ni mechi za kirafiki, mechi za kujipima nguvu kabla ya mashindano ya kata, makombe ya wafadhili, matamasha ya Shule ya Jumapili, na Sikukuu ya Mikaeli na Watoto mwishoni mwa Septemba, ambapo mitaa yote huitwa kwenye usharika mmoja na watoto hufika kwa chochote chenye magurudumu. Nimeona watoto wakiletwa kwa Fuso, kwa kirikuu, kwa tela la trekta, kwa guta, na kwa bodaboda iliyobeba wanne mbali na dereva.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukua shule 4 za kata moja zinazotaka kucheza ligi ndogo. Desturi yetu ni nyumbani na ugenini, kama tunavyosikia redioni kwenye ligi kuu. Kila timu inakutana na nyingine mara mbili, kwa hiyo kuna mechi 12, na kila mechi ina timu inayosafiri. Hizo ni safari 12 za kwenda na kurudi. Wasichana wa netiboli wakicheza siku nyingine, zinakuwa safari 24.

Sasa shule hizo 4 zikutane siku moja kwenye uwanja mmoja, kila timu icheze na nyingine mara moja. Mechi ni 6. Shule mwenyeji haisafiri, kwa hiyo zinabaki safari 3. Netiboli ikichezwa siku hiyo hiyo kwenye uwanja wa pembeni, safari ni zile zile 3, ilimradi gari linatosha timu zote mbili bila kujazwa. Na kama shule ya kati ina jirani wawili walio ndani ya mwendo wa saa moja kwa miguu, hao watatembea, na safari ya gari inabaki moja.

Mwalimu atauliza kama watoto wataweza kucheza mechi 3 kwa siku. Kila mechi iwe ya dakika 15 kwa 15, na mapumziko ya dakika 5. Ukiongeza dakika 5 za timu kupokezana uwanja, mechi moja inachukua dakika 40, na mechi zote 6 zinakwisha kwa saa 4. Kila timu itakuwa imecheza dakika 90, sawa na mechi kamili. Kwa watoto wadogo gawanya uwanja mara mbili, wacheze saba kwa saba, na kazi inakwisha kwa saa 2. Watoto wa saba kwa saba wanaugusa mpira mara nyingi zaidi kuliko wakiwa 22 uwanjani, ambapo mlinzi wa pembeni anaweza kumaliza mechi akiwa ameugusa mara mbili tu.

Tuhesabu na mafuta. Tuseme umbali ni kilomita 15, basi kwenda na kurudi ni kilomita 30. Safari 12 ni kilomita 360. Lori linalokwenda kilomita 5 kwa lita moja litatumia lita 72. Safari 3 zitatumia lita 18. Tofauti ni lita 54 za dizeli, ambazo zikiungua hutoa karibu kilo 145 za hewa ya ukaa. Kwa kuwa tunapanda miti kila mwaka kwa ajili ya tabia nchi, hesabu hiyo nayo inatuhusu. Zidisha lita hizo 54 kwa bei ya kituo chako cha mafuta, kisha uulize mipira na nyavu za netiboli zinauzwaje.

Hesabu hiyo ni ya lori linalokwenda mara moja na kungoja. Gari dogo likipiga tripu mbili asubuhi na mbili jioni, linakwenda kilomita 90 kwa mechi moja.

Lori la kuazima

Ubaya wa lori hauishii kwenye mafuta. Mara nyingi lori letu ni la kuazima au la kukodi kwa bei ya huruma. Mwenye lori anawashusha watoto saa nne asubuhi, anakwenda kutafuta mzigo mwingine, na anaahidi kurudi saa kumi. Mashindano ya shule yanafanyika miezi ile ile ambayo pamba inavunwa na kuuzwa, na malori yana kazi yenye pesa nzuri kuliko yetu. Saa kumi inafika, saa kumi na mbili inafika, watoto wanakaa kando ya barabara na njaa. Huku kwetu jua linazama karibu na saa moja mwaka mzima. Ndiyo maana lile lori nililolifuata lilikuwa gizani. Sidhani kama dereva alikuwa mtu mbaya. Ratiba ya watoto ilikuwa imefungwa kwenye ratiba ya mzigo.

Wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, mambo hubadilika tena. Sehemu kubwa ya wilaya ya Igunga ina udongo mweusi wa mbuga. Anayeujua hahitaji maelezo. Asiyeujua afikirie gari lililofungwa mawe kwenye magurudumu. Lori likinasa, wanaolisukuma ni wale wale watoto waliotoka kucheza.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hatujasahau tarehe 6 Mei 2017, gari la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni wilayani Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto wale hawakuwa wanakwenda kwenye michezo. Walikuwa wanakwenda shule nyingine kufanya mtihani wa kujipima. Nimeitaja ajali hiyo kwa sababu safari yenyewe ilikuwa ya aina tunayoizungumzia hapa, ya kupeleka watoto shule ya jirani kujipima nguvu na kurudi siku hiyo hiyo. Gari lile lilikuwa la abiria. Lori la mizigo halina kiti, halina mkanda, wala pa kushika isipokuwa shati la mwenzako.

Nani anabaki nyumbani

Kuna jambo sikuliona mpaka mwalimu mmoja wa netiboli aliponionyesha. Gari likitosha timu moja tu, inayopanda ni timu ya soka ya wavulana. Netiboli wanaambiwa wangoje tripu ya pili, na tripu ya pili mara nyingi haiji. Wazazi nao, wakijua kwamba lori litarudi usiku, wanamruhusu mtoto wa kiume na kumkatalia wa kike. Siwalaumu. Mimi pia ningekataa.

Hivyo basi ratiba ya mbali inawatoa wasichana kwenye michezo bila mtu yeyote kutamka kwamba wasichana wasicheze. Mechi inapokuwa karibu, na watoto wakarudi mchana kweupe pamoja na mwalimu wa kike, wazazi hulegeza. Miradi yetu huandika kila mwaka kwamba inajali usawa wa jinsia. Hapa kuna njia ya kuutekeleza isiyohitaji semina.

Tuanze na miguu

Watu wa mkoa huu wana historia ndefu ya kutembea. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Tabora hadi Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 700, na mizigo ya kilo 30 hivi mabegani. Sisemi hayo kwa kusifia njia ile, kwa maana ilipitisha pia watumwa na machozi mengi. Nasema kwa sababu watu wale walijua kupanga mwendo. Waliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Walijua maji yako wapi kabla ya kuondoka. Na mbele ya msafara alikuwapo kirangozi aliyeshika mwendo, na nyuma mtu mwenye madaraka aliyehakikisha hakuna anayeachwa.

Wazo hilo hilo limerudi duniani kwa jina jipya. Uingereza, mwaka 1971, watoto 80 katika kila 100 wa miaka 7 na 8 walikwenda shule bila mtu mzima. Mtafiti Mayer Hillman na wenzake walipopima tena mwaka 1990 walikuta ni 9 tu. Wazazi waliogopa magari, wakaanza kuwapeleka watoto kwa magari, na barabara za kwenda shule zikajaa magari ya wazazi walioogopa magari. Miaka iliyofuata miji mingi, kuanzia Australia, ilianza mpango wa watoto kutembea kwa kundi njia moja wakiwa na watu wazima, wakiokota wenzao njiani. Wanauita basi la miguu. Hapa kwetu tunao tayari kila Jumapili asubuhi, ila hatujaupa jina.

Kwa mtoto wa darasa la tatu kwenda juu, mwendo wa kilomita 4 kwa saa ni wa kawaida. Kilomita 3 ni dakika 45. Kwa maoni yangu isizidi kilomita 4 kwenda, maana atacheza halafu atarudi. Wakubwa wenye baiskeli wanaweza kufika mbali zaidi, na baiskeli Igunga hazina uhaba, ila mbili kwa baiskeli moja tuache. Kundi liwe na mtu mzima mbele na mwingine nyuma, na walau mmoja wao awe mama. Orodha ya majina isomwe wakati wa kuondoka na wakati wa kurudi. Mahali njia inapoungana na barabara kuu watembee upande wa kulia ili wayaone magari yanayokuja, na kuvuka wavuke wote kwa pamoja mtu mzima akisimama kuyakabili. Safari ya kurudi ianze saa kumi na nusu, hata kama mechi haijaisha. Nimeshagombana na walimu wa michezo kwa sharti hili, na sitalilegeza.

Kutembea si salama kwa sababu tu hakuna lori. Kuna mito ya msimu inayojaa ghafla, na hata juu kukiwa kweupe maji huweza kuja kutoka mvua iliyonyesha mbali. Njia inayovuka mto isitumiwe kabisa miezi ya mvua. Miezi hiyo kila shule icheze yenyewe kwa yenyewe, darasa kwa darasa. Dar es Salaam shirika la Amend limeonyesha kwamba hata njia za mjini zinaweza kufanywa salama kwa vitu vya kawaida kama matuta, vivuko na njia za pembeni za waenda kwa miguu karibu na shule, na kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Tuta moja mbele ya uwanja wa shule ni jambo ambalo serikali ya kijiji inaweza kuliomba kwa barua.

Mfano wa Mathare

Tukitaka kuona ligi kubwa ya watoto isiyotegemea magari, tuangalie Mathare, Nairobi. Mathare Youth Sports Association ilianzishwa mwaka 1987 katika mtaa wa watu maskini, na maelfu ya watoto wamepita humo. Ligi zao zimegawanywa kwa kanda. Mtoto anacheza kwenye kanda anayoishi, na vijana wa kanda hiyo ndio wanaosimamia. Timu hupata pointi za ligi pia kwa kufanya usafi wa mtaa. Kwa mgawanyo huo mtoto huanza kwa kutembea tu hadi uwanjani, na ni timu zinazofika mbali ndizo zinazohitaji usafiri. Wamefika mbali kweli, kwani timu ya wakubwa ya Mathare United ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Jaribio letu la kwanza la kukutanisha shule siku moja lilitushinda, nalo nalieleza ili wengine wasirudie. Tulipanga vizuri umbali, tukasahau maji. Uwanja ulikuwa wa katikati hasa, lakini pampu ya jirani ilikuwa imeharibika, na kufikia saa saba mchana watoto walikuwa wamelala chini ya miembe badala ya kucheza. Mimi ndiye ninayesimamia mradi wa visima, kwa hiyo aibu ile niliibeba peke yangu. Sasa uwanja unachaguliwa kwa maji kwanza, kivuli pili, umbali tatu.

Gari linapohitajika

Gari litaendelea kuhitajika. Mtoto mwenye ulemavu wa miguu hawezi kuambiwa atembee kilomita 3 ili naye aitwe mwanamichezo. Kwake gari liwe la kwanza kupangwa. Mgonjwa na aliyeumia wanahitaji gari, kwa hiyo pawe na mwenye pikipiki au gari aliyekubali siku hiyo kubaki uwanjani. Shule za mbali kabisa nazo zinalihitaji. Kwa hao kodi gari la abiria, kila mtoto akae kwenye kiti chake, na litangoja uwanjani. Bei itaonekana kubwa. Lakini fedha iliyookolewa kwenye safari 9 za lori inaweza kulipia sehemu kubwa ya basi dogo la safari moja. Sharika mbili zinazokwenda njia moja zipigiane simu kabla ya kukodi magari mawili yaliyojaa nusu.

Kuhusu Mikaeli na Watoto, ombi langu kwa viongozi wa majimbo ni kwamba ibada na michezo ya watoto wadogo ifanyike mitaani kwao, na kwenye usharika waende wawakilishi wakubwa kidogo. Najua picha ya watoto mia nne mbele ya kanisa inapendeza kwenye taarifa. Hata mimi nimeituma kwa wafadhili.

Walimu wa michezo na walezi wa Shule ya Jumapili wa Choma na kata za jirani wanaombwa kuleta ofisini mchoro wa mkono, hata wa penseli, unaoonyesha shule na mitaa yao, viwanja, pampu zinazofanya kazi na njia za miguu, kabla hatujapanga ratiba ya muhula ujao. Mchoro uonyeshe pia mito. Kuhusu mto upi unajaa na mwezi gani, waulizwe wazee wa mahali hapo, maana mimi nimekwama kwenye mmoja wao mara mbili na bado siujui.